Siku tano Mwanza, moja Saanane

IJUMAA

Tumetoka Dodoma stendi ya Nanenane saa kumi na mbili asubuhi, mi, mama watoto na watoto wawili, mkubwa ana miaka kumi na moja, mdogo ana sita. Mdogo katapika Manyoni na tena Singida, ile ya Singida ilinikuta nimeshika chai ya kikombe cha karatasi, yaani sitaki hata kuhadithia. Ni kama kilomita 700 hivi mpaka Mwanza na lami yote, kwa hiyo mtu akikwambia ni safari ya mchana mmoja hajakudanganya, ila hakwambii hali ya mgongo wako jioni.

Kwenye mteremko wa Sekenke nilifumba macho kama kawaida yangu. Tangu nikiwa mdogo naogopa Sekenke, marehemu baba alikuwa ananitania anasema mtoto wa Kisukuma anaogopa mlima kwa sababu kwao ni tambarare na mawe tu. Ukishashuka pale unaingia Igunga, Nzega, mbuga zinafunguka, ng'ombe, majaruba ya mpunga yaliyokauka, na wale wa dirishani wanaanza kuuza karanga kwa lafudhi ya nyumbani, hapo ndo nikajua nimerudi.

Usagara njia inakata kushoto kwenda Daraja la JPM, yaani la Magufuli, la Kigongo na Busisi, lile la kilomita 3 juu ya ziwa lililofunguliwa Juni 2025. Daraja hilo likumbukeni, shangazi atalitumia dhidi yangu kesho. Saa moja usiku tukashuka Nyegezi, tukachukua bajaji mbili mpaka Igogo.

Nyumba ya shangazi iko juu kwenye mawe. Asiyeijua Igogo nimweleze: bajaji inakuishia chini, kinachobaki ni miguu yako, unapita kati ya jiwe na ukuta wa mtu, ukuta wa mtu na choo cha mtu, unapanda ngazi zilizochongwa sijui na nani, na mabegi kichwani. Shangazi ana miaka sabini na mbili na anapanda pale na ndoo ya maji haongei wala hahemi. Mi nilifika namba mbili kutoka mwisho, wa mwisho alikuwa mama watoto na yeye alikuwa kambeba mtoto.

"Shikamoo shangazi." "Marahaba baba, mbona umenenepa hivi, Dodoma mnakula nini?" Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babu, baba yake yeye, kwa hiyo ananiheshimu kama baba alafu ananigombeza kama mtoto, vyote kwa sentensi moja.

JUMAMOSI

Asubuhi nimefungua mlango nikakuta kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. Kutoka mlangoni kwa shangazi unaona ghuba yote ile ya Ziwa Victoria, na pale mbele, karibu kiasi kwamba unaweza kuhesabu miti, kiko kisiwa cha Saanane. Kiko tu, kama mtu aliyekaa mbele ya nyumba yako anasubiri umkaribishe. Nikamuuliza binti yangu unajua ile ni hifadhi ya taifa? Akacheka, akadhani namtania. Kwenye akili yake hifadhi ni Serengeti, unaendesha siku nzima. Nikamwambia ile pale, kilomita za mraba 2.18 tu ukijumlisha na maji yake na vile visiwa vidogo vya pembeni, na ni hifadhi kamili ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini.

Hapo ndo nikatoa mpango wangu, kwamba kesho Jumapili baada ya misa twende wote tukale chakula huko, kuna sehemu za pikiniki kando ya maji. Na nikasema WOTE nikimwangalia shangazi.

Akaniambia, "Daraja lipo."

Nikasema shangazi, daraja linaenda Busisi, Saanane hakuna daraja. Akasema basi kama serikali imeona hakuna haja ya kuweka daraja na yeye haoni haja ya kwenda. Mama watoto akatoka nje kucheka.

Mambo yenyewe siyo ya kucheka sana lakini. Shangazi hajapanda chombo chochote cha majini tangu Mei 1996. Misiba ya Sengerema, na sisi tuna ndugu kibao Sengerema huko ng'ambo, miaka yote hiyo kabla ya daraja watu wanavuka kwa kivuko dakika chache, yeye alikuwa anazunguka na magari Shinyanga, Kahama, Geita, siku nzima, anafika watu washazika. Au haendi anatuma rambirambi. Ukoo mzima tunajua na hakuna anayeuliza, mi mwenyewe nilijua tu kwamba ni MV Bukoba, ile meli iliyozama mwezi huo, zaidi ya hapo sikuwahi kumuuliza.

Nikaacha, nikabeba watoto tukashuka mjini. Tumewaona wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni wamesimama juu ya mapaa kama wazee wa baraza, mdogo kaogopa. Tumepiga picha na jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga, jiwe limekaa juu ya mawe mengine kwenye maji na bado lina jina la yule chansela wa Wajerumani, sijui kwa nini mpaka leo hatujalipa jina letu, lakini hiyo ni ishu ya siku nyingine. Alafu Mwaloni Kirumba, soko la samaki. Pale pua inaingia kabla yako. Dagaa kwenye magunia, sangara waliokaushwa wamepangwa kama mbao, wapagazi wanapiga mluzi upishe njia. Nikanunua sato watano wabichi, wakubwa wa kushiba mkono, yule mama muuzaji akaniuliza ni wa nini nikasema wa pikiniki, akaniangalia akasema sato hawaendi pikiniki baba, sato wanaenda ugalini.

Jioni nimerudi nakuta shangazi kashatoa lile hotpoti lake kubwa la maua, lile la sherehe, analiosha. Sikusema kitu. Akasema bila kuniangalia, "Hao samaki wakaange leo, kesho asubuhi hamtapata muda. Na chapati nipike mimi, mkeo anaziacha mbichi." Mama watoto safari hii hakucheka.

Saa tatu usiku bado sikujua kama anakuja au anatupikia tu.

JUMAPILI

Alikuja. Kavaa kitenge cha Wawata, umoja wa wanawake Wakatoliki, viatu vya kanisani, rozari mkononi. Tumetoka misa tukapanda bajaji mpaka Capri Point, ofisi za hifadhi ziko huku, ule upande wa majumba makubwa yenye bustani ambako watu wa Igogo tunakwenda tu tukiwa na sababu.

Kulipa ni kwa kontro namba, pesa mkononi hawapokei. Wanakutolea namba, unalipa kwa simu, wanakupa risiti. Kiingilio cha sisi raia ni cha chini sana ukilinganisha na cha wageni, boti unalipia yake. Mtandao ulisumbua kama dakika ishirini hivi, na hizo dakika ishirini ndo zilikuwa mbaya kwa sababu shangazi alikaa kwenye benchi anaangalia boti inavyocheza pale gatini, na mi naangalia simu inavyozunguka, nawaza huyu ataghairi muda wowote. Dada wa mapokezi akatukagua na mifuko kama tuna ya plastiki, si unajua imepigwa marufuku tangu 2019, tukakutwa na mmoja wa mama watoto uliofunga karanga. Ukabaki pale, karanga zikahamia kwenye mkoba wa shangazi.

Sasa ikafika muda wa kupanda. Boti siyo kubwa, ina paa la turubai na viti pembeni. Wakatugawia laifu jaketi, watoto wamepewa za saizi yao. Shangazi kavalishwa yake juu ya kitenge, kafungwa mikanda, kasimama pale gatini kama mtu aliyevalishwa nguo ya mtu mwingine. Akamuuliza nahodha, kijana tu wa miaka ishirini na kitu:

"Hii inabeba watu wangapi?"

Kijana akataja namba. Shangazi akasema haya. Akaanza kuhesabu vichwa. Anaonyesha kwa kidole, mmoja mmoja, pamoja na familia nyingine ya watu wanne tuliyokuwa nayo na askari wa hifadhi na nahodha mwenyewe. Alipomaliza vichwa akahesabu majaketi. Alipomaliza majaketi akahesabu tena vichwa kwa sababu mtoto wangu mdogo alikuwa kahama kiti. Watu wote kimya. Nahodha yule, nampa hongera hadharani, hakumharakisha hata kidogo, alishika kamba akasubiri. Mwisho shangazi akasema, "Mko nusu. Twende."

Ni dakika kama kumi. Alikaa katikati kabisa, macho kafumba, Salamu Maria zinatoka kwa sauti ya chini, mkono mmoja rozari mwingine umeshika mkono wangu, na nina alama ya kucha mpaka sasa naandika. Maji yalikuwa yametulia, asubuhi ziwa lile linakuwa kama sahani, upepo unaamka mchana. Watoto wanapiga kelele wanaona mnandi wamesimama kwenye mawe wamekunjua mabawa wanajianika. Boti ikazimwa injini, shangazi akafumbua jicho moja. Akauliza, "Tayari?" Binti akamjibu, "Tumefika bibi." Akasema, "Miaka yote hiyo ni hapa tu?"

Mwongozaji wetu alikuwa dada mmoja mcheshi sana. Kaanza na historia: kisiwa kimepewa jina la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa mwenyeji wake, mvuvi na mkulima. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania, wakaletwa kwa boti mpaka tembo, nyati na faru. Hebu fikiria nyati kwenye boti. 1991 kikawa pori la akiba, 2013 ndo hifadhi. Shangazi akamkatiza, akasema ye alikuja hapa enzi za bustani, miaka ya themanini, wanyama wakiwa kwenye matundu, akaanza kutuonyesha hapa palikuwa hivi, pale palikuwa vile. Dada wa watu akafunga mdomo akawa anafuata nyuma kama sisi. Kuanzia hapo tulikuwa na waongozaji wawili na mmoja alikuwa na rozari.

Njia inapita kati ya mawe na miti, siyo ngumu. Swala pala wanatembea tu, hawana habari na wewe, wanakuangalia alafu wanarudi kula. Pimbi wamejaa juu ya mawe wanaota jua, wanene kama sungura wasio na masikio. Dada akasema hao ukoo wao wa karibu ni tembo, mdogo kakataa katakata, mpaka tunaondoka alikuwa bado anabishana. Ila kilichowashika wanangu ni mijusi. Dume lake lina kichwa na kifua chekundu cha kuelekea pinki, na mwili wa bluu, linapiga pushapu juu ya jiwe kabisa, juu chini juu chini, kuwatisha madume mengine. Jina lake la kisayansi linabeba jina la Mwanza, Agama mwanzae. Binti alipiga picha arobaini za mjusi na moja ya baba yake, na hiyo moja nimekatwa kichwa.

Kuna tumbili wa kawaida na kuna wale wa Debraza wenye ndevu nyeupe kama masheikh, hawa wa pili hatukubahatika. Wa kwanza tulibahatika kuliko tulivyotaka, nakuja huko.

Tulipochagua kukaa ni chini ya mti mkubwa kando ya maji kabisa, kuna meza na mabenchi, mbele mawe makubwa yameingia ziwani, maji yanagonga kwa chini taratibu, na ng'ambo unaona Igogo yote imepandana juu ya mlima. Tulikaa muda mrefu tukitafuta nyumba ya shangazi. Ye ndo kaiona, kwa bati la jirani lililopakwa rangi ya bluu. Akasimama akaangalia sana. Akasema, "Kumbe kutoka huku tunaonekana maskini." Alafu akasema, "Lakini panapendeza." Akakaa. Akakaa akiwa kaligeuzia ziwa mgongo.

Nikapanga chakula. Sato wa jana wamekaangwa wakakauka vizuri, chapati za shangazi kwenye hotpoti, kachumbari, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya kuchemsha na karanga, soda za watoto, chai ya maziwa kwenye chupa. Kuogelea hamna, dada kaeleza mapema kabisa, mamba wapo na hata wasingekuwepo kuna kichocho, kwa hiyo miguu yote nje ya maji. Mdogo alikuwa keshavua kiatu.

Shangazi anakula kichwa cha sato kwa utaalamu ambao sijawahi kuuona kwa mtu mwingine, anakifungua kipande kwa kipande, hakuna kinachotupwa isipokuwa mifupa. Na hapo akiwa anakichambua, bila kuulizwa na mtu, akaanza.

Alikuwa anafanya biashara ya ndizi. Rafiki yake, mama mmoja wa Kihaya, alikuwa anapakia mzigo Bukoba anakuja nao na meli, yeye anapokea bandarini Mwanza wanauza wanagawana. Mei 21, 1996, siku ya Jumanne, kaenda bandarini asubuhi mapema na mkokoteni umeshalipiwa. Meli inachelewa. Watu wanasema labda imechelewa Kemondo. Alafu habari zikaanza kuja kwa vipande, huyu anasema hivi huyu vile, mpaka mtu mmoja akaja anakimbia akasema imepinduka na iko juu chini, na watu wako ndani wanagonga.

"Wanagonga," akarudia, akaweka mfupa pembeni ya sahani. Akasema wakatoboa chuma ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, ikaenda chini. Akasema meli ile ilisajiliwa abiria 430, hiyo namba kaishika tangu siku hiyo. Waliokufa inakadiriwa ni zaidi ya 800.

"Kwa hiyo mi nahesabu," akasema. "Watu wanadhani naogopa maji. Maji yana kosa gani?"

Sikuwa na la kusema. Mama watoto akammiminia chai. Nilikuwa najiandaa kumshika mkono au kusema kitu cha maana, ndo hapo tumbili akashuka.

Alishuka kwenye tawi nyuma yangu, sijamwona, nimesikia tu binti anapiga yowe. Katua katikati ya meza, kanyaga kachumbari, kavuta mfuniko wa hotpoti ukadondoka, kachukua chapati, siyo moja, mbili, moja mdomoni moja mkononi, na macho yake yale yanakuangalia kama wewe ndo mwizi. Nikasimama nimpige na kanga, katoweka. Mfuniko ukatembea kwa ukingo wake kama tairi, ting ting ting juu ya jiwe, ukashuka jiwe la pili, ukaingia kwenye ufa kati ya mawe mawili pale maji yanapogonga.

Shangazi kasimama kabla yetu wote. Huyo, mama wa miaka sabini na mbili na viatu vya kanisani, kashuka mpaka ukingoni, kainama anachungulia, maji yanamrukia kwenye kitenge, anasema "Nauona! Nauona ule pale!" Dada mwongozaji anamwita bibi rudi, bibi tafadhali rudi, mi nimemfuata nimemshika kitenge kwa nyuma. Na kweli unaonekana, kama hatua tatu chini, yale maua mekundu ya mfuniko yanameta kwenye giza la ufa. Na juu yake kidogo, kwenye kijukwaa cha jiwe, kalala kenge urefu wa mkono wangu, anaota jua, hana wasiwasi na mtu. Dada akasema hapo hakuna anayeshuka, nitawaambia wenzangu wauangalie maji yakipungua. Shangazi akamwambia kenge maneno ya Kisukuma ambayo sitayaandika.

Mlo ukaendelea bila mfuniko. Na nilichokigundua baadaye nikiwa nakusanya takataka, maana unarudi nazo zote mjini hata ganda la karanga, ni kwamba shangazi alikuwa kageuka pale kwenye benchi. Anakula michembe anaangalia ziwa, au labda anaangalia ule ufa, sijui.

Kurudi ilikuwa saa kumi, upepo umeamka, boti inapiga mawimbi pap pap na maji yanaingia kidogo pembeni, mi mwenyewe moyo haukuwa sawa. Shangazi alihesabu vichwa tena kabla ya kupanda. Njiani hakufumba macho. Alikuwa anabishana na nahodha kuhusu bei ya mafuta.

JUMATATU

Usingizi mpaka saa mbili, miguu inauma. Shangazi akasema kama tunaenda Bujora kama tulivyopanga basi tupitie Igoma kwanza, ni njia moja, ile ya Musoma.

Igoma ni makaburi ya wale wa MV Bukoba, wengi walizikwa bila kujulikana yupi ni yupi. Tulikaa kama nusu saa. Hakuongea sana. Kapita kati ya safu, kang'oa magugu sehemu mbili tatu, akasema rafiki yake hakuonekana kati ya waliotambuliwa kwa hiyo kila akija anachagua mmoja tu anamsalimia. Binti yangu akamuuliza leo umemchagua nani, akamwonyesha. Wakasalimia wote wawili.

Bujora watoto wameipenda, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, ngoma kubwa za watemi, na kanisa la mviringo kama nyumba ya msonge. Wakaelezwa habari za Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu zamani, mdogo akataka kujua sisi ni wepi. Shangazi akasema Bagalu kwa haraka sana. Marehemu baba alikuwa anasema Bagika. Ishu hiyo naona nitazikwa nayo.

Usiku nimejaribu kumpa hela ya mfuniko, kaipokea, kaifunga kwenye kitenge, akasema hii ni ya nauli.

JUMANNE

Naandika kwenye basi, mdogo kameza dawa ya kuzuia kutapika na amelala kwenye mapaja ya mama yake, Mungu ni mwema. Nzega tumekula kuku, tumeendelea.

Kama saa tisa hivi simu imeita, shangazi. Anauliza tumefika wapi, nikamwambia tumeshapita Igunga. Akasema vizuri. Akasema kamtuma kijana wa jirani asubuhi kaenda mpaka Capri Point kuuliza boti ya kwanza Jumapili ni saa ngapi na inabeba watu wangapi. Nikasema shangazi, unaenda kufanya nini? Akasema si kufuata mfuniko wake. Na mama wawili wa Wawata wanataka kwenda naye, hawajawahi kufika, wanakaa Igogo miaka thelathini.

Nikamwambia shangazi mfuniko ule ushaenda, nitakununulia hotpoti jipya kabisa nikitulia. Akasema jipya la nini, hili lina mwili mzima, halina kofia tu. Nikataka kumuuliza na kenge je, mtandao ukakata, gari lilikuwa linaanza kuipanda Sekenke.